Mama wa Malaika Halii

Waliomkataza Eudoxia kulia walikuwa watu waliompenda. Hilo lisemwe mapema, maana mtu akisikia habari hii nusu anaweza kudhani kile kijiji kilikuwa na roho mbaya. Walikuja wote. Waliacha mashimo yao ya dhahabu, wakafunga mitumbwi chini ya nyumba iliyosimama juu ya nguzo, wakapanda ngazi na mvua yao mgongoni. Mmoja ana mchele, mwingine ana nazi, mwingine hana kitu ila sauti yake ya kuimba.

Fermín alikuwa amekufa alfajiri, kwa homa. Alikuwa pacha. Mwenzake, Delfa, alikuwa amelala ndani ya kapu, hana habari kwamba amebaki peke yake.

Bi Tránsita, mama wa ubatizo wa Fermín, ndiye aliyeingia wa kwanza, kwa sababu pale Chocó, nchi yao ya mito na mvua, mtoto akifa, kazi yote ni ya mama wa ubatizo. Yeye ndiye anayemvika nguo nyeupe, yeye ndiye anayemfumia taji la maua, yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya mto, na watoto wa ule mto aliowaimbia walikuwa wengi. Aliweka kikapu chake chini, akamtazama Eudoxia usoni, akaona midomo inatetemeka.

"Komadre," akasema, kama wanavyoitana huko wanawake waliounganishwa na ubatizo, "hapo hapo. Yazuie machozi."

"Siwezi, komadre."

"Utaweza. Mtoto huyu amebatizwa, dhambi hajui, ni malaika. Sasa hivi anapanda. Kila chozi lako ni tone kwenye bawa lake. Bawa likilowa hapandi. Atabaki katikati, hana huku hana kule, na wewe ndiye utakayekuwa umemweka pale. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi meza."

Eudoxia akameza. Kwao ilikuwa hivyo tangu bibi wa bibi zao, na hakuna aliyeitunga ile desturi kwa ubaya. Ilitungwa na wanawake waliozika sana, waliotaka kitu cha kushika. Mtu mzima akifa huko watu huomboleza, maana haijulikani amefikia wapi. Lakini mtoto mchanga njia yake ni nyeupe. Kwa hiyo huimbwa, huchezwa, mtoto mwenyewe hupokezanwa kutoka mkono hadi mkono kama anayeagwa kwenda safari njema. Ndivyo walivyofanya kwa Fermín. Alipofikishwa kwa mama yake, Eudoxia alimpokea, akazunguka naye mara moja kwa mwendo wa wimbo, akampokeza wa pili. Jicho kavu.

"Mwanamke wa chuma," wakasema. Jirani yake Nubia akaongeza, "Mimi wangu alipokwenda nilitoa machozi mawili, mpaka leo roho inaniuma. Huyu hata moja."

Mumewe, Wilfrido, alikuwa mbali, upande wa juu wa mto, anakata magogo. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazikwa. Alikaa ngazini siku nzima akichonga kijiti mpaka kikaisha mikononi, kisha akarudi kwenye magogo yake. Na yeye alikuwa amefundishwa hivyo hivyo.

Sasa sikiliza, mama mwenzangu, jinsi jambo lilivyoingia. Halikuingia kwa kishindo.

Eudoxia alikuwa akiwanyonyesha wote wawili, kila mtoto na titi lake. Siku za kwanza baada ya maziko titi la Fermín lilijaa likawa gumu kama jiwe, maziwa hayana mwenyewe. Alilikamua chini, akiegemea ukuta, akihesabu mbao za sakafu ili asifikirie. Mawazo yakimjia, alimeza. Jina la mtoto likimjia mdomoni, alimeza. Alimeza hata akilala. Akawa mtu ambaye kazi yake kubwa ni kumeza, na kazi nyingine zote anazifanya kwa nguvu iliyobaki, na iliyobaki ilikuwa kidogo.

Kisha yale maziwa yasiyo na mwenyewe yakakoma. Yakafuata na ya Delfa.

Mtoto alivuta, akaacha, akavuta tena, akageuza uso na kulia. Mwanzoni alilia kwa hasira, na hiyo ni afya. Baadaye akalia kwa uchovu, na mama yeyote anajua tofauti ya vilio hivyo viwili. Bi Tránsita alileta mchuzi wa samaki na majani ya kuchemsha. Nubia, aliyekuwa na mtoto mchanga, alimnyonyesha Delfa siku moja moja, lakini wa kwake naye alikuwa mlafi, na titi la kuazima halina dhamana. Wakampa uji wa ndizi. Akautapika. Miguu ikawa myembamba, macho makubwa.

Wakaanza kunong'ona kwamba pacha anamwita pacha mwenzake.

Nubia hakunong'ona, yeye alisema wazi, kwa sababu hakuona ubaya wake. Walikuwa shimoni, maji kiunoni, kila mmoja anazungusha sinia lake la mti la kuchujia dhahabu, na mchanga unazunguka ndani.

"Komadre, usijisumbue sana. Akienda na huyu, utakuwa na malaika wawili. Kwenye mto huu nani ana wawili waliofuatana hivyo? Wewe utapokelewa kwa ngoma. Sisi tutabaki mlangoni tunauliza, jamani, hamjamwona Eudoxia atuingize?"

Wanawake wakacheka kidogo. Eudoxia naye akacheka.

Na alipokuwa anacheka alisikia ndani yake kitu kimekubali.

Kilikuwa kitu laini. Kilisema: kweli. Akienda Delfa, hatalia tena njaa. Atakuwa na ndugu yake. Na wewe hutakuwa na haja ya kuamka. Utalala, na ukilala vizuri utakwenda na wewe. Mbingu ikamnukia kama kitanda kinavyomnukia mtu aliyekesha akiuguza. Alisimama pale na sinia mkononi, mvua inampiga kisogoni, na mchanga aliokuwa akiuosha ukamwagika majini, na dhahabu iliyokuwamo, kama ilikuwamo, hakuifuata.

Hapo ndipo pa kuogopa. Njaa mtu huipigia kelele, na homa huipigia kelele. Lakini wazo la namna hii huja na maneno matakatifu mdomoni, na mtu hulifungulia mlango, hulipa kigoda. Tumaini la mbinguni ni fimbo. Umepewa utembelee. Ukiona mtu ameilalia, mwamshe.

Eudoxia hakuwa na wa kumwamsha. Kilichomshtua ni karatasi.

Alipita kwa Nubia kuomba chumvi, akamkuta amekaa sakafuni, mkasi mkononi, anakata karatasi nyeupe. Pembeni maua yalikuwa yameshaanza kupangwa, madogo madogo, ya taji.

"Ya nani hayo?"

Nubia akayasogeza nyuma ya goti. "Ya nani tena? Yapo tu."

"Nubia."

"Tunajiweka tayari, komadre. Mara ile tulikimbizana na mvua, maua yote yalikuwa yamenyauka. Karatasi haiozi. Sasa si bora kuwa nayo tukose kuitumia?"

Alisema kweli, na alisema kwa upendo, na mkasi wake ulikuwa umenolewa vizuri. Eudoxia alisahau chumvi. Alirudi nyumbani akamtoa Delfa kwenye kapu, akamfunga kifuani kwa kitenge, na tangu hapo hakumweka chini. Hakujua anamlinda na nini. Alijua tu kwamba kuna mtu ameshampima kichwa.

Jumapili ikafika. Padri wao alikuwa akija kwa mashua pale mto unaporuhusu, na mwezi ule mto haukuruhusu, kwa hiyo Mzee Eliecer, mvuvi mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyeongoza sala. Alisoma polepole, kidole kwenye mstari. Akasoma maono ya yule mzee aliyefungwa kisiwani: mji mpya unashuka, Mungu anakaa na watu, hakuna kifo tena. Na Mungu mwenyewe, kwa mkono wake, anafuta machozi kwenye macho ya watu wake.

Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Waliyajua maneno hayo kama wanavyojua njia ya mtoni. Eudoxia alikuwa amekaa nyuma, Delfa amelala kwa unyonge wa njaa. Naye aliyajua. Lakini siku hiyo yaliingia, yakakwama, kama mfupa wa samaki.

Njiani, kwenye ule ukingo wenye utelezi, alimngoja Bi Tránsita.

"Komadre."

"Naam, mwanangu."

"Yale machozi atakayoyafuta Mungu ni ya nani?"

"Ya watu wake."

"Watu wake si ndio sisi?"

"Ndio sisi. Angalia hapo, pana shimo."

"Basi mimi nitapeleka yapi?"

Bi Tránsita akasimama. Akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Una homa wewe?"

"Sina. Nawaza tu. Nitafika pale, Mungu ananyoosha mkono anifute, anakuta macho makavu kama kokoto. Ataniuliza, Eudoxia, kwani wewe hukuwa na mtoto?"

"Usimchezee Mungu."

"Sichezi, komadre. Nimechoka hata kucheza."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Bi Tránsita aliangalia mto, akaangalia kile kitenge kilichokaa bapa kifuani kana kwamba ndani yake hamna mtu. Alifungua mdomo wake mkubwa, ule wa kuimba.

"Basi lia," akasema mwishowe, lakini kwa ukali, kama anayesema ukitaka kuanguka anguka.

"Na mabawa?"

"Hilo ndilo tatizo sasa."

"Sitaki mwanangu alowe."

Wakatembea mpaka njia panda, wakaachana.

Kesho yake Eudoxia hakwenda shimoni. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mtoto kifuani, na jiko halikuwashwa. Mtu angepita angesema anapumzika. Hakuwa anapumzika. Lile jambo laini lilikuwa limekaa karibu yake tena, na safari hii hakulifukuza.

Ndipo ngazi ikalia. Bi Tránsita alipanda bila kubisha, amelowa chapachapa, akakaa chini kwa kishindo mpaka vyungu vikagongana.

"Nimekasirika," akasema.

"Na mimi?"

"Na wewe, na Eliecer na miwani yake. Umeniharibia siku nzima. Nimeimbia watoto wa mto huu tangu nikiwa sina mvi hata moja, leo mtu ananiuliza swali njiani, kwenye matope." Akavua kitambaa cha kichwa, akakikamua mlangoni. "Haya. Nikuulize na mimi. Siku Fermín alipobatizwa, nani alimshika?"

"Wewe."

"Padri alimfanya nini?"

"Alimmwagia maji."

"Alimmwagia? Yule padri ana mkono wa kumwagia mgomba. Mtoto aliingia kanisani mkavu, akatoka maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu vyangu. Alilia, alipiga chafya, wewe ukasema atashikwa na kifua. Kuna mtu yeyote alisema, jamani, huyu amelowa, sasa hafiki mbinguni?"

Eudoxia akatikisa kichwa, hakuna.

"Ndivyo alivyopewa njia, kwa kulowa. Sasa nani amesema maji ya mama yake ndiyo yatakayomwangusha?" Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi ndiye niliyesema hivyo. Nilisema kama nilivyoambiwa, na aliyeniambia aliambiwa. Sina la zaidi. Lakini mbele ya lile beseni niliapa kwamba mtoto huyu nitamjibia mimi. Basi akilowa, alowe juu yangu. Akishindwa kupanda, ataniita mimi, sio wewe. Nipe huyu."

Akanyoosha mikono akamchukua Delfa.

Kama hii ingekuwa hadithi ya kupendeza watu, hapo Eudoxia angelia. Hakulia. Machozi si bomba. Alikuwa ameyafungia muda mrefu, na mlango ulikuwa umeshika kutu. Alikaa akitazama mikono yake iliyobaki mitupu. Bi Tránsita naye hakumharakisha. Alimbeba mtoto akazunguka naye chumbani, akaona jiko limezimika, akaanza kutafuta kiberiti kwa mkono mmoja huku akigombana na makopo.

"Hapa mchele uko wapi?"

"Kwenye lile kopo."

"Hili ni la Delfa, lina uji wake."

"Hilo lingine. La Fermín."

Jina likatoka. Tangu maziko hakuna aliyekuwa amelitaja katika nyumba ile. Lilitoka tu kwa sababu ya mchele, kama linavyotoka jina la mtu aliye hai, aliyetoka kidogo, anayerudi. Eudoxia alilisikia. Akalisema tena, kwa kujaribu. Akalisema mara ya tatu na halikufika mwisho.

Alilia kama mtu anayetapika. Hakukuwa na uzuri ndani yake. Alishika ukuta, akashika sakafu, akatoa sauti iliyowainua mbwa chini ya nyumba wakaondoka. Bi Tránsita aliacha kopo, akaketi nyuma yake na mtoto mapajani, mkono mmoja kwenye mgongo wa mama. Hakuimba.

Watu wakasikia, maana nyumba za mbao hazifichi. Nubia akatokeza kichwa mlangoni, uso umepauka.

"Bi Tránsita, mzuie. Si anamlowesha malaika wake."

"Anamlowesha."

"Sasa?"

"Sasa mvua hiyo ni ya kwangu, nimeshaipokea. Nenda kachome ndizi, ulete na chumvi. Na ule mkasi wako, mwanangu, upeleke kwa mwenye shughuli nao."

Nubia akashuka. Hakuelewa, na mpaka leo anasema hakuelewa, lakini ndizi alileta, na chumvi, na alipofika ngazini alikaa chini akafunika uso kwa nguo. Wale wawili wa ndani wakamsikia na yeye. Bi Tránsita akanyanyua macho juu kama anayesema, Bwana, leo utavumilia.

Maziwa hayakurudi siku ile. Wala kesho yake. Isije ikadhaniwa kwamba machozi ni dawa ya kunywa asubuhi ukapona jioni. Eudoxia alilia, akalala kama gogo, akaamka akala ndizi na samaki, akalia tena huku anakula. Wilfrido alipotelemka na magogo alimkuta hivyo, akaweka shoka, akakaa karibu yake. Akasema, "Alikuwa anacheka nikimwonyesha kofia." Wakalia wote wawili, mwanamume yule akilia kwa aibu, akiangalia dari.

Delfa aliendelea kuvuta na kuacha. Wakaendelea kumpa uji kwa kidole. Bi Tránsita alilala pale pale, akikoroma, akiamka kumgeuza mtoto. Kisha alasiri moja, hakuna aliyekuwa anangoja kitu, Eudoxia alihisi uchungu mwembamba kifuani, kama sindano, ule anaoujua kila aliyenyonyesha. Hakusema, aliogopa kuyatisha maziwa. Alimweka mtoto. Delfa alivuta kwa mazoea, bila matumaini. Akasita. Halafu ikasikika ile sauti ndogo ya kumeza.

Ilikuwa kidogo. Iliisha upesi, mtoto akalia anataka zaidi, na akalia kwa hasira. Bi Tránsita aligeuka jikoni akasikiliza kile kilio.

"Huyo ana nguvu ya kutukana," akasema. "Mwache atukane."

Mama mwenzangu, ukienda msibani, usimzibe mtu mdomo kwa mbingu. Mbingu ipo. Eudoxia hakuacha kuiamini hata siku moja. Nubia alipomwuliza, baadaye sana, kama anadhani Fermín alifika baada ya mvua yote ile, alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye nguo alizokuwa anafua.

"Amefika. Kufika amefika. Mimi ndiye niliyebaki huku, na huyu anataka kula."

Asubuhi aliyorudi shimoni, mto ulikuwa umejaa, na njia ilikuwa matope matupu. Alimfunga Delfa mgongoni. Mtoto hakuwa mnene, miguu bado ilikuwa ya kuku, lakini alikuwa ameshika sikio la mama yake na kulivuta. Magoti ya Eudoxia yaliuma kabla hata ya kuingia majini. Alishuka ngazi moja, akapumzika, akashuka ya pili.

"Komadre," akamwambia Bi Tránsita aliyekuwa anamngoja chini, "mimi nikifika huko juu sitaki nyimbo. Nataka kiti."

"Kiti utapewa."

"Chenye mgongo."

"Chenye mgongo, na utakalia mpaka uchoke kukaa. Haya, shika sinia, wenzako wameshaingia."

Akalishika. Wakaondoka, mmoja mbele mmoja nyuma, polepole kwa sababu ya utelezi, na yule mtoto njia nzima analia anataka ziwa.